Faiba ya kasi, simu inayokatika: kupanga foleni ya intaneti nyumbani hatua kwa hatua

Dada yangu ni mkalimani. Anakaa Mombasa, na kila jioni anavaa vipokea sauti, anafungua kompyuta na kuwaunganisha madaktari walioko Marekani na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili. Saa mbili usiku kwake ni mchana kule. Nyumbani ana faiba ya megabiti 300 kwa sekunde za kupakua na 50 za kupakia, na bado jioni moja alinipigia simu sauti ikiwa imemnyong'onyea: "Kaka, daktari ametaja dawa inywewe mara ngapi kwa siku, na ile namba ndiyo iliyokatika. Nimemwomba arudie mara tatu."

Alikuwa ameshashauriwa apandishe kifurushi. Nikamwomba asubiri kwanza. Kipimo cha kasi kilikuwa kinasoma karibu 300 kila mara, kwa hiyo kasi aliyolipia alikuwa anaipata. Kilichomsumbua ni foleni ndani ya kile kisanduku cheupe ukutani, na foleni hiyo inapangika bila kuongeza shilingi kwenye bili. Mwongozo huu ni kazi tuliyoifanya kwake, pamoja na mambo niliyojifunza kwenye nyumba nyingine.

Foleni inatokea wapi

Ndani ya nyumba vifaa vyako huzungumza na ruta kwa kasi kubwa, mara nyingi gigabiti 1 kwa kebo. Mlango wa kutokea kwenda kwa mtoa huduma ni mwembamba zaidi. Data ikija kwa wingi kuliko inavyotoka, inasubiri kwenye kumbukumbu ndogo inayoitwa bafa. Chukua bafa ya megabaiti 2 na mlango wa kupakia wa megabiti 50 kwa sekunde: bafa ikijaa, pakiti (kipande kidogo cha data) inayofika mwisho itasubiri milisekunde 320 kabla ya kutoka. Theluthi moja ya sekunde, na bado haijavuka geti la nyumba.

Pakiti ya sauti ni ndogo sana. Simu ya kawaida ya intaneti hutuma takriban pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 200 hivi. Lakini anayevuka kivuko cha Likoni kwa gari anajua kwamba udogo wa gari haukusogezi mbele: malori yaliyokutangulia yanapanda kwanza. Kwa dada malori yalikuwa mawili. Kwanza kamera nne za ulinzi zinazotuma picha nje ya nyumba mchana na usiku. Pili simu za watoto, ambazo zikirudi nyumbani jioni na kushika Wi-Fi zinaanza kuhifadhi picha na video zote za siku.

Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wazungumze bila kukatizana. Kutoka pwani yetu hadi Marekani umbali wa nyaya za baharini pekee unakula sehemu kubwa ya hizo 150. Hatuna nafasi ya kupoteza 300 nyingine sebuleni.

Tatizo hili limepewa jina la bufferbloat na kutafutiwa dawa kwa miaka mingi. Mhandisi Jim Gettys aliligundua nyumbani kwake mwaka 2010 alipokuwa akihamisha mafaili na kuona mtandao mzima umelala. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kuipima foleni kwa muda ambao pakiti imesubiri badala ya wingi wa pakiti. Kisha ikaja CAKE, programu ya kupanga foleni iliyoingizwa kwenye Linux toleo la 4.19 mwaka 2018, na Dave Täht, aliyefariki 2025, alikuwa miongoni mwa waliosukuma kazi hii kwa miaka mingi na kuitoa bure. CAKE ndiyo tutakayoitumia.

Hatua ya 1: Pima ukiwa umeelemewa

Usipime mtandao ukiwa mtupu, hautakuonyesha kitu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, kwa sababu Wi-Fi ina matatizo yake na yatakuchanganya. Fungua dirisha la amri, andika `ping -t 1.1.1.1` kwenye Windows, au `ping 1.1.1.1` kwenye Mac na Linux, halafu uache dakika moja. Andika namba za milisekunde unazoziona: ni muda wa pakiti kwenda na kurudi. Sasa, amri ikiendelea, anza kupakia faili kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni. Angalia namba zinavyopanda. Rudia kwa kupakua.

Kwa dada, mtandao ukiwa mtulivu tulipata milisekunde 9. Tulipopakia video moja ya harusi, ilipanda hadi 330 na kukaa hapo mpaka faili lilipoisha. Tulipopakua ilifika 60 tu. Hizo namba mbili zilitosha kutuambia kwamba kazi kubwa iko upande wa kupakia, na hivyo ndivyo nilivyokuta kwenye nyumba nyingi. Ukipenda kipimo cha kwenye kivinjari, Waveform wana ukurasa unaopima kuchelewa huku laini ikiwa imeelemewa na kukupa alama kuanzia A+ hadi F.

Ikiwa namba yako haiongezeki zaidi ya milisekunde 20 au 30 chini ya mzigo, laini yako iko sawa. Ruka hadi sehemu ya Wi-Fi.

Hatua ya 2: Fanya foleni iwe yako

Huwezi kupanga foleni iliyo kwenye kisanduku cha mtu mwingine. Kisanduku cha mtoa huduma mara nyingi kina kipengele cha QoS (cha kupanga vipaumbele), lakini nilivyoviona vingi ni orodha tu ya kuchagua kifaa kipi kipewe kipaumbele, na foleni yenyewe inabaki ndefu vilevile. Weka ruta yako mwenyewe nyuma ya kisanduku hicho. Mwombe mtoa huduma akibadilishe kipitishe tu data bila kugawa anwani. Akikataa, acha ruta mbili zifuatane. Simu za video zitafanya kazi kama kawaida, ila zima Wi-Fi ya kile kisanduku cha kwanza ili kusiwe na kifaa kinachopita pembeni ya ruta yako.

Kisha tunaibana ruta yetu itoe data kwa kasi ndogo kidogo kuliko uwezo wa laini. Bafa ya mtoa huduma haitajaa tena, na foleni itahamia kwenye ruta yetu ambako CAKE inaisimamia. Watu husita hapa, maana wanaona wanapunguza kasi waliyoilipia. Ni kweli unaacha asilimia chache. Kwa dada zilikuwa megabiti 5 kati ya 50 za kupakia, na kwa hizo 5 alirudishiwa kazi yake.

Hatua ya 3: Ruta yenye misuli ya kutosha

Laini za kasi zina mtego hapa. Kuipanga foleni ni kazi ya prosesa, pakiti moja baada ya nyingine. Gigabiti 1 kwa sekunde ni pakiti zaidi ya 80,000 kila sekunde hata zikiwa za ukubwa kamili. Ruta nyingi za nyumbani hufikia gigabiti kwa sababu chipu maalumu inapitisha data bila kuigusa prosesa, na ukiwasha CAKE njia hiyo ya mkato inabidi izimwe. Ruta ya bei ya chini iliyokuwa ikipitisha 900 inaweza kushuka hadi 150.

Kwa laini ya hadi megabiti 300, ruta ya kisasa yenye prosesa ya ARM ya viini viwili au vinne na inayokubali OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta) inatosha. Kwa gigabiti kamili tafuta kompyuta ndogo ya x86 (prosesa ya Intel au AMD) yenye milango miwili ya mtandao, au Raspberry Pi 4 iliyoongezewa mlango wa pili. Lakini kabla hujanunua kitu, sikiliza ushauri huu, maana utakuokolea fedha: ukiwa na gigabiti ya kupakua na upakiaji mdogo, panga upakiaji peke yake. Ile bafa ya megabaiti 2 inayochukua milisekunde 320 kutoka kwenye mlango wa 50, kwenye mlango wa gigabiti inaisha kwa 16. Foleni ya kupakua kwenye laini ya namna hiyo ni nadra kuumiza mtu.

Hatua ya 4: Washa CAKE kwenye OpenWrt

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, nenda "System" kisha "Software", sasisha orodha na usakinishe `luci-app-sqm`. Kabla ya kuendelea fungua "Network", "Firewall", na uzime "Flow offloading" zote. Ndiyo ile njia ya mkato niliyoitaja. Ikibaki imewashwa, data itaipita foleni yako pembeni na utadhani CAKE haifanyi kazi.

Sasa fungua "Network", "SQM QoS", ukurasa wa kupanga foleni. Chagua kiolesura kinachotazama nje, mara nyingi `wan` au `eth1`. Kama unaingia kwa jina na nywila ya PPPoE, chagua `pppoe-wan`. Kasi zinaandikwa kwa kilobiti. Anza na asilimia 90 ya ulichopima, siyo ya kilichoandikwa kwenye mkataba. Kwa dada tuliandika 270000 kushuka na 45000 kupanda. Ukitaka kupanga upakiaji tu, andika 0 kwenye kupakua na upande huo utaachwa huru.

Kwenye kichupo cha "Queue Discipline" chagua `cake` na skripti ya `piece_of_cake.qos`. Kwenye "Link Layer Adaptation" chagua "Ethernet with overhead" na uandike 44. Hiyo ni hesabu ya baiti za ziada zinazobebwa na kila pakiti njiani. Kuizidisha kidogo hakudhuru, kuipunguza ndiko kunakoharibu. Hifadhi, washa.

Rudi kwenye kipimo cha hatua ya kwanza. Sisi tulirudia kupakia ileile video ya harusi, na dada alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama namba: 11, 13, 12, 14, 11. Faili liliendelea kupanda. Hakusema kitu, alienda kuvaa vipokea sauti.

Ukipata utulivu, pandisha kasi uliyoandika kidogo kidogo, asilimia mbili kwa mara, ukipima kila mara, na kwa saa tofauti. Kuchelewa kukianza kurudi, shuka hatua moja uache hapo. Kama hata kwa asilimia 90 namba bado zinapanda, shuka hadi 80. Na kama kasi imeanguka sana kuliko ulivyoandika, prosesa imezidiwa: angalia mzigo wake wakati wa kupakua.

Hatua ya 5: Gawa kwa haki kati ya vifaa

Hapo ulipo CAKE inagawa kwa usawa kati ya miunganiko. Programu inayofungua miunganiko 40 kwa mpigo bado itapata mafungu 40. Tunataka mgao uwe kwa kifaa. Kwenye "Queue Discipline" weka alama ya kuonyesha mipangilio ya juu, ile iliyoandikwa "Dangerous Configuration" (jina linatisha kuliko jambo lenyewe), na uandike `nat dual-dsthost ingress` kwenye sehemu ya kupakua na `nat dual-srchost` kwenye kupakia. Neno `nat` linaiwezesha ruta kuona anwani halisi ya kila kifaa nyuma ya anwani moja ya nje.

Baada ya hapa nyumba nyingi hazihitaji kitu kingine. Runinga inayoonyesha picha za 4K kutoka Netflix inahitaji takriban megabiti 15 tu. Simu ya video inahitaji pungufu ya hapo. Kila kifaa kikiwa na fungu lake, vyote vinaenea. Ningekusihi ukae wiki nzima na mpangilio huu kabla ya kugusa vipaumbele.

Hatua ya 6: Vipaumbele, kwa uchache

Hamu ya kila anayeanza ni kuandika orodha: kazi kwanza, shule pili, michezo tatu. Nimezijaribu orodha za namna hiyo na zinachakaa haraka. Vifaa vinabadilika, programu zinabadilisha njia, na ndani ya mwezi mmoja karibu kila kitu kimepewa kipaumbele. Njia ya mwendokasi pale Dar es Salaam inaenda kwa sababu wengine hawaingii. Daladala zote zikiruhusiwa kupita mle, inageuka barabara ya kawaida.

Ninachofanya ni kushusha kizito badala ya kupandisha chepesi. Kizito kinajulikana, ni kilekile kila siku na hakina haraka. Kwa dada kilikuwa kinasa picha cha kamera. Tulikipa anwani isiyobadilika, 192.168.1.40, kwenye sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani. Kisha "Network", "Firewall", "Traffic Rules", kanuni mpya: chanzo `lan`, mwisho `wan`, anwani ya chanzo ni hiyo ya kinasa, itifaki zote, na kitendo "DSCP classification" chenye alama `CS1`, yaani data isiyo na haraka. Mwisho tulirudi SQM na kubadilisha skripti kuwa `layer_cake.qos`, kwa sababu ile ya kwanza haizisomi alama hizi.

Kwa mpangilio huo CAKE ina ngazi tatu. Ya chini, ya CS1, inahakikishiwa sehemu ndogo tu ya laini wakati wa msongamano, moja ya kumi na sita, ila laini ikiwa tupu inaweza kuitumia yote. Kamera hazikukatika, zilijifunza kusubiri. Ngazi ya juu, inayosoma alama ya `EF`, ina kipaumbele mpaka robo ya laini. Ikizidi hapo inapoteza upendeleo wake. Kama una kompyuta moja ya kazi ambayo lazima isikike, tengeneza kanuni ya pili kwa anwani yake na uipe `EF`. Moja, siyo tano.

Fahamu pia kwamba kanuni hizi zinashika upande wa kupakia tu. Data inayoingia inapangwa foleni kabla haijafika kwenye kanuni zako, kwa hiyo haijapata alama bado. Kwa upande huo tegemea mgao wa haki wa hatua ya 5.

Wenye ruta za MikroTik hawajaachwa nyuma: mfumo wake, RouterOS 7, una CAKE kwenye aina za foleni. Itengeneze, iweke kwenye foleni rahisi yenye kasi ulizopima, na uzime kanuni ya fasttrack (njia ya mkato ya MikroTik) kwenye ukuta wa moto. Wanaosahau fasttrack ndio wanaolalamika kwamba foleni haihesabu kitu.

Wi-Fi

Namba zikiwa tulivu kwa kebo na simu bado inakatakata kwa Wi-Fi, tatizo liko hewani, na CAKE haiwezi kulifikia. Kwanza, chochote kisichohama kipewe kebo: runinga, kinasa cha kamera, kompyuta ya kazi. Kila kimoja unachokitoa hewani kinawaachia nafasi waliobaki. Pili, vifaa vya kazi viwe kwenye 5 GHz. Vilivyobaki kwenye 2.4 GHz vitumie chaneli 1, 6 au 11 peke yake, maana hizo tatu haziingiliani. Tatu, usizime WMM hata ukishauriwa. Ndiyo inayotenganisha sauti, video, data ya kawaida na ya chinichini hewani, na ukiizima vifaa vingi vinashuka hadi megabiti 54.

Laini isiyo na kasi moja

Ruta za 5G, na Starlink kwa walio Kenya, hazina namba moja ya kuandika. Saa tisa usiku unapata 200, saa mbili jioni unapata 60. Ukiandika 180, jioni foleni inarudi kwa mtoa huduma na kazi yako yote ni bure. Njia rahisi ni kuandika kasi ya jioni, ile mbaya, na kukubali hasara ya usiku. Njia nzuri zaidi ni skripti ya `cake-autorate` ya OpenWrt, inayopima kuchelewa muda wote na kupandisha au kushusha kasi yenyewe. Inahitaji uvumilivu kuipanga, lakini kwa anayefanya kazi juu ya 5G ningeiweka.

Yasiyo yako

Pima jioni moja nyumba ikiwa imetulia kabisa, vifaa vyote vimezimwa isipokuwa kompyuta moja kwa kebo. Tumia `tracert 1.1.1.1` kwenye Windows, au `traceroute 1.1.1.1` kwingineko, uone kituo cha kwanza baada ya ruta yako na kisanduku chao, halafu ukipime kituo hicho kwa ping. Ikiwa huko tayari ni milisekunde 100 na wewe hutumii kitu, msongamano ni wa mtoa huduma. Piga picha ya skrini yenye saa, rudia siku tatu, umpelekee. Malalamiko yenye namba na saa yanasikilizwa tofauti na "mtandao uko chini".

Hifadhi nakala ya mipangilio yote kwenye "System", "Backup", na usiiache ndani ya ruta hiyohiyo. Kwa dada nilibandika pia karatasi juu ya ruta: 270000, 45000, tarehe, na maneno "ukibadilisha kifurushi, badilisha namba hizi". Miezi kadhaa baadaye aliongezewa kasi, akapima, akaona bado 270, akaanza kutafuta namba ya huduma kwa wateja. Kisha akaiona karatasi.